Uzuri wa mkakasi: kabla hujamtumia hela mtengenezaji wa seti ya gari

Safari hii hatuendi kwenye nyota wala kwenye virusi. Tunaenda gereji.

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama Maili Moja, Kibaha, nasubiri daladala, simu ikaita. Mjomba wangu wa Kisarawe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Msomi, fungua WhatsApp, nimekutumia gari."

Alikuwa amenitumia katalogi ya kurasa 48. Ukurasa wa kwanza una gari la bluu, mistari miwili myeupe katikati, mabomba ya moshi ubavuni, halina paa. Ni nakala ya Cobra, lile gari la mwaka 1962 ambalo Mmarekani Carroll Shelby alilipata kwa kuchukua gari dogo la Waingereza wa AC na kulipachika injini ya Ford ya V8. Gari halisi la enzi hizo ni la matajiri wa kupindukia. Nakala yake unaweza kuinunua vipande vipande ndani ya makasha, ukajiungia mwenyewe. Hiyo ndiyo inayoitwa seti.

Sasa mjomba ameendesha malori zaidi ya miaka 30. Amestaafu, kiinua mgongo chake kiko benki, na ndoto yake ni kujenga gari la michezo kwa mikono yake chini ya mwembe wa nyumbani kwake. Kampuni aliyoipata mtandaoni, ambayo sitaitaja, ilitaka atangulize asilimia 40. Swali lake lilikuwa fupi: "Wewe ndiye unasomea uhandisi wa mitambo. Hawa jamaa ni wazuri au si wazuri?"

Niliisoma ile katalogi usiku mzima, kisha nikasoma na za wengine. Makala hii ndiyo jibu nililompa, ila nimelirefusha kwa sababu nimegundua mjomba hayuko peke yake. Na nianze na hukumu kabisa ili usinisubiri hadi mwisho: katalogi za seti zimeandikwa ili ulipende umbo, wakati umbo ndicho kitu pekee kwenye seti ambacho fundi wa boti za faiba hapa pwani anaweza kukutengenezea. Vitu ambavyo huwezi kuvipata hapa, yaani chesisi iliyopimwa, michoro, na mtu wa kukujibu bolti ikikosekana, ndivyo visivyoonyeshwa.

Kwa nini seti zilikuwepo

Tuanze na historia, maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa changa la macho.

Seti za magari zilishamiri Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Gari zima jipya lilitozwa kodi ya mauzo, vipuri visivyounganishwa vikawa haviguswi na kodi hiyo. Mwaka 1957 Colin Chapman wa Lotus akatoa Lotus Seven, gari jepesi la viti viwili lililouzwa likiwa vipande. Inasimuliwa kwamba sheria haikuruhusu muuzaji kukupa maelekezo ya kuunganisha, basi Lotus wakatoa maelekezo ya kulifungua gari, ukawa unayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mwaka 1973 Uingereza ikahamia VAT, ule mwanya ukafungwa. Mwaka huohuo Lotus wakaiachia kampuni ya Caterham haki za Seven, na Caterham wanaitengeneza hadi leo.

Kwa hiyo seti ilizaliwa na kodi. Je, hapa kwetu seti inakupunguzia kodi? Katalogi ya mjomba ilisema, kwa herufi kubwa, kwamba "kuagiza vipuri ni nafuu kuliko kuagiza gari". Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini.

Forodha duniani kote hutumia mfumo mmoja wa kupanga bidhaa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imo. Mfumo huo una kanuni namba 2(a): kitu kikiletwa kikiwa hakijaunganishwa, au hata kikikosa baadhi ya sehemu lakini sura yake ya msingi ipo, kinapangwa kama kitu kizima. Ukileta makasha sita ambayo ukiyafungua ni gari, basi umeleta gari.

Tufanye hesabu ya haraka. Chukua thamani ya seti pamoja na usafiri na bima hadi bandarini kuwa 100. Ushuru wa forodha wa magari madogo ni asilimia 25, tunapata 125. Injini ikizidi sisi 2,000 kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, tunapata 137.5. Halafu VAT asilimia 18, tunafika 162.25. Hapo hatujahesabu tozo nyingine ndogondogo. Yaani hela aliyodhani ni ya gari zima haifiki hata theluthi mbili ya safari, na makasha bado yako bandarini.

Sisemi kampuni inadanganya kwa makusudi. Labda huko kwao ni kweli. Lakini mtengenezaji anayekuhakikishia jambo la kodi ya nchi ambayo hajawahi kuuza hata gari moja, ana tabia ya kuhakikisha vitu asivyovijua. Tabia hiyo itajitokeza tena kwenye breki.

Nilichokihesabu kwenye katalogi

Nilihesabu picha. Katalogi ilikuwa na picha 61. Picha 52 ni bodi: kutoka mbele, kutoka pembeni, likiwa na jua la jioni, likiwa na binti amekaa juu ya boneti. Picha sita ni viti na dashibodi. Mbili ni injini. Moja tu ni chesisi, imepigwa kwa mbali, tena imewekewa ukungu wa kisanaa kwenye viungo vya kuchomelea.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sidhani kama waliwahi kuona katalogi ya seti za magari, lakini waliielewa.

Kwa nini chesisi? Chukua boksi la viatu lenye mfuniko. Lishike pande mbili ujaribu kulisokota kama unavyokamua nguo. Linakataa. Sasa toa mfuniko urudie. Linasokoteka kama jani la mgomba. Paa la gari ndio ule mfuniko. Gari la michezo lisilo na paa ni boksi lililofunguliwa, na kazi yote ya kukataa kusokotwa inabaki kwa chesisi peke yake.

Barabara yako ndiyo mkono unaosokota. Ukipanda kutoka Pugu kwenda Kisarawe, kona zile za msituni, gurudumu la mbele kushoto likiingia shimoni huku la nyuma kulia liko juu, chesisi inapokea msokoto. Ikiwa laini, springi na shokapu hazifanyi kazi yake sawasawa, kwa sababu chesisi yenyewe imegeuka kuwa springi ya tano ambayo haina shokapu. Usukani unakuwa na majibu ya kubahatisha. Miezi ikipita, faiba inaanza kupata nyufa kama utando wa buibui kwenye kona za milango, na mafundi wanakwambia "ni rangi tu hiyo".

Uzuri ni kwamba kitu hiki kinapimika, na huhitaji maabara. Kamata sehemu ya nyuma ya chesisi kwenye matofali isicheze. Mbele iegemeze katikati juu ya kipande kimoja cha chuma, iwe huru kuinama kulia au kushoto. Funga boriti ya chuma kwa upana pale mbele, halafu ning'iniza mfuko mmoja wa saruji, kilo 50, mita moja kutoka katikati. Hapo umeweka msokoto wa takriban nyutoni-mita 490. Pima ncha ya boriti palepale kwenye mita moja imeshuka kiasi gani. Ikishuka milimita 3.5, chesisi imejisokota nyuzi 0.2, maana yake inahitaji karibu nyutoni-mita 2,450 ili isokoteke nyuzi moja. Ikishuka milimita 7, ugumu wake ni nusu ya hapo.

Sedani ya kisasa yenye paa hufika makumi ya maelfu ya nyutoni-mita kwa nyuzi moja. Gari la wazi la fremu ya mabomba huwezi kulidai hivyo. Lakini mtengenezaji makini anaijua namba yake, kama mama ntilie anavyojua kilo ya mchele inatoa sahani ngapi. Kwenye kurasa 48 za katalogi ya mjomba namba hiyo haikuwepo. Ile ya kasi ilikuwepo mara tisa.

Familia tatu, na barabara moja

Ili nisionekane nina kisirani na kampuni moja, nilizitazama aina za seti kwa ujumla. Kwa mtu wa Kibaha au Kisarawe ziko kama familia tatu.

Familia ya kwanza ni ya bodi inayovishwa gari jingine. Unatafuta gari la kuchinjwa, unatoa bodi yake, unavika ya faiba. Kwa miaka mingi Volkswagen ya mgongo wa kobe ndiyo iliyochinjwa zaidi ili kutoa nakala za Porsche 356, na huko Marekani Pontiac Fiero ya miaka ya 1984 hadi 1988 ilivikwa sura za Ferrari. Hizi sizipendi, na sababu yangu si dharau. Fundi hulazimika mara nyingi kuikata sakafu ya gari la zamani ili urefu ulingane na bodi mpya, kisha anachomelea. Usalama wako wote unakuwa kwenye ule mstari wa kuchomelea ambao hakuna aliyeupima. Na hayo magari ya kuchinja yenyewe hapa kwetu utayatafuta kwa tochi.

Familia ya pili ni ya Cobra. Hapa kuna wazito kweli. Factory Five ya Massachusetts, iliyoanza mwaka 1995, inasifika kwa kitabu chake cha maelekezo, na fremu yake ilijengwa juu ya wazo zuri sana: sehemu nyingi za kutembea, kama ekseli na breki, zinatoka kwenye Ford Mustang iliyochakaa. Afrika Kusini nako wapo. Cobra za Superformance hujengwa Gqeberha, mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, na za Backdraft hujengwa Durban. Hawa wa Afrika Kusini huuza gari likiwa limeshaunganishwa, linakosa injini na gia boksi tu, na soko lao kubwa ni Marekani.

Nina heshima na kazi yao. Lakini ukosoaji wa kweli haumuulizi mtengenezaji kama ni hodari tu; unauliza ni hodari kwa barabara ya nani. Wazo la Factory Five linategemea Mustang chakavu iwe inapatikana kila mtaa. Ukishuka Ilala kutafuta Mustang ya kuchinja utarudi na njaa. Usukani nao: gari lililosanifiwa kwa ajili ya Marekani lina usukani kushoto, na kuuhamishia kulia si kazi ya kugeuza kioo, kwa sababu mabomba ya moshi ya V8 yanapita palepale nguzo ya usukani inapotaka kupita. Muulize mtengenezaji amekwishatoa ngapi za usukani wa kulia, na akuonyeshe picha ya upande huo wa injini. Kisha kuna foleni. V8 kubwa kwenye foleni ya Mbezi saa nane mchana inahitaji rejeta na feni ambazo lile domo zuri la Cobra halina nafasi ya kutosha kuzibeba.

Familia ya tatu ni ya Seven. Fremu ya mabomba membamba, bati la alumini, uzito mdogo sana. Lotus Seven ya mwanzo ilikuwa na kama nusu tani. Caterham ndio warithi halali, na Birkin wa Durban wamejulikana kwa magari ya umbo hili tangu miaka ya 1980. Mwaka 1996 Mwingereza Ron Champion aliandika kitabu cha kumfundisha mtu kujenga gari la namna hii kwa pauni 250, akitumia Ford Escort ya kuchinja. Kutokana na kitabu hicho watu wa nchi nyingi wakajenga yao kwa kutumia gari lolote lililozoeleka kwao, mradi injini ikae mbele kwa urefu na gari lisukumwe na magurudumu ya nyuma.

Sentensi hiyo ya mwisho isome tena, halafu toka nje uangalie barabara. Mark II, Cresta, Chaser, Altezza. Zote injini mbele kwa urefu, zote zinasukuma nyuma. Spea zake ziko Kariakoo, fundi wake yuko kila kona, na usukani uko kulia. Injini ya 1G ya silinda sita kwenye Mark II inatoa, tuseme, farasi 160 kwa gari la kilo 1,400. Iweke kwenye gari la aina ya Seven lenye kilo 650 na kila kilo inapata zaidi ya mara mbili ya nguvu iliyokuwa ikipata. Huhitaji V8.

Wepesi unakulipa pia kwenye breki. Kwa kila mita 100 unazoshuka kwa mwendo usiobadilika, breki na injini lazima zimeze nishati yote ya kushuka. Kwa gari la kilo 650 ni kama kilojuli 640, kwa la kilo 1,100 ni kama 1,080. Mjomba, ambaye amewahi kunusa breki za lori zikiungua mteremkoni, hesabu hii aliielewa kabla sijaimaliza.

Ila Seven nayo ina dhambi yake, na katalogi zake huificha vilevile: tumbo liko chini. Nililipima kwa rula tuta la mtaani kwetu Kibaha, nikapata sentimita 12. Seven nyingi zina nafasi chini ya hapo kati ya sampu ya injini na lami. Watu wa umri wa mjomba wanakumbuka kwamba gari la michezo lililotamba kwenye Safari Rally lilikuwa Datsun 240Z, mshindi wa 1971 na 1973, na lile halikuwa linalamba ardhi. Kwa hiyo ukichagua familia hii, mtengenezaji akubali kukuinulia springi na akupe sampu fupi, tena akueleze kuinua huko kunabadilisha nini kwenye pembe za magurudumu. Akikujibu "no problem" bila kueleza, hiyo ni problem.

Kibaha imeshawahi kulipa ada hii

Hapa niwatoe kidogo gereji niwapeleke TAMCO, maana somo la kuchagua mtengenezaji wa seti limeandikwa kwenye ardhi ya Kibaha kwa herufi kubwa kuliko katalogi yoyote.

Miaka ya 1980 kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania kutoka kwenye makasha ya Sweden. Kiwanda kinachokula makasha kinaishi kwa fedha za kigeni, na tunajua uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ile ulivyoviumiza viwanda vyetu. Hata hivyo Scania zenyewe zilidumu barabarani, kwa sababu kampuni iliyozibuni iliendelea kuwepo na spea zikaendelea kuja.

Hapohapo Kibaha, shirika la Nyumbu, lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, lilichukua njia ngumu zaidi: kubuni lori letu wenyewe. Kama mwanafunzi wa mitambo naliheshimu sana wazo lile. Lakini lori lisipotengenezwa kwa wingi, spea zake hazifiki kwenye duka la mtaani, na kila kitu kikivunjika unarudi kwa aliyekibuni.

Halafu njoo karibu zaidi. Katikati ya miaka ya 2010 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia mkataba na kampuni ya Ursus ya Poland wa matrekta 2,400, yaje yakiwa vipande yaunganishwe TAMCO. Ursus ni jina kongwe kabisa kwa matrekta huko Ulaya. Yaliyofika ni chini ya nusu ya idadi ile, na mwaka 2021 kampuni hiyo ikatangazwa kufilisika kwao Poland. Mkulima aliyenunua trekta lile alikuwa amenunua pia, bila kujua, afya ya mizania ya kampuni iliyo maelfu ya kilomita kutoka shambani kwake.

Ndiyo maana sijui kumwambia mtu "hii seti ni nzuri" bila kumuuliza mtengenezaji ana umri gani, ametoa magari mangapi, na akifa kesho nani atakuwa na michoro. Taifa zima lenye wanasheria linaweza kupatwa na hilo. Seuze mjomba na kiinua mgongo chake.

Maswali matano

Tulikaa na mjomba Kisarawe Jumamosi moja, tukaandika barua pepe yenye maswali matano kwa ile kampuni. Nayaweka hapa myatumie:

1. Chesisi inahitaji msokoto kiasi gani ili isokoteke nyuzi moja, na mliupimaje?
2. Mmeshatoa ngapi za usukani wa kulia? Tuonyesheni picha.
3. Bidhaa gani kwenye seti ni yenu wenyewe, na ipi inapatikana kwenye gari la kawaida? Taja gari na mwaka.
4. Tutumieni kurasa kumi za kitabu cha maelekezo, sura ya breki.
5. Ikikosekana bolti au bushi ndani ya kasha, nani anagharamia kuituma Tanzania, na kwa siku ngapi?

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Lilikuwa na adabu sana. Lilisema rangi ya bluu imebaki moja, na kwamba punguzo linaisha Ijumaa. Hakuna swali hata moja lililojibiwa.

Barua hiyohiyo tuliituma kwa watengenezaji wengine wawili. Mmoja alijibu maswali manne, na kwenye la usukani wa kulia akasema wazi hajawahi kutengeneza hata moja, hivyo hatushauri tununue kwake. Nilimpenda papo hapo. Huyo ndiye mtu wa kumtumia hela, kama angekuwa na tunachohitaji.

Mjomba naye alikuwa na lake

Nisijifanye nilishinda hoja. Nilipomaliza mahubiri yangu, mjomba alinyamaza, akamimina chai, akasema: "Sasa wewe mwanangu, ukiniambia nijenge hilo la bati lisilo na milango, mimi nimeliona wapi? Hili la bluu nimeliona kwenye kalenda nikiwa tanboi. Miaka arobaini nalibeba kichwani. Namba zako haziwezi kulitoa."

Sikuwa na jibu, na bado sina jibu kamili. Mtu hajengi nakala ya gari kwa sababu ya nyutoni-mita. Anajenga kwa sababu kuna kalenda ilitundikwa mahali fulani akiwa kijana. Ukosoaji unaosahau hilo nao ni kimeo.

Lakini nilimuuliza kitu kimoja: kwenye ile kalenda, gari lilikuwa linatembea au limesimama? Akacheka. Lilikuwa linakata kona. Basi, nikamwambia, unachokitaka ni gari linalokata kona. Chesisi ndiyo inayokata kona, bodi inapanda tu kama abiria.

Tulichofikia ni hiki. Asilimia 40 haikutumwa. Mjomba amenunua Mark II iliyogongwa nyuma, injini na gia boksi vizima, imeegeshwa chini ya mwembe. Injini hiyo imeshalipiwa kodi zake zamani, hivyo tutakapoagiza, tutaagiza kidogo. Kwa chesisi tunaendelea kuzungumza na watengenezaji wa Afrika Kusini, kwa sababu mbili. Wao nao wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na bidhaa ya nchi ya SADC ikikidhi masharti ya asili yake na ikiwa na cheti, inaweza kupata nafuu ya ushuru wa forodha. Kwenye hesabu yetu ya mwanzo, asilimia 25 ikiondoka, ile 162.25 inashuka hadi 129.8.

Na bodi? Mjomba ameshaongea na fundi wa boti za faiba. Nimewapa onyo moja tu: faiba iliyopakwa rangi ya giza ikikaa kwenye jua letu hupata joto kali, resini isiyokauka vizuri inalegea, na nyuzi zake zinaanza kujichora juu ya rangi. Fundi akasema basi tupake nyeupe, kazi iishe.

Mjomba amekataa. Anataka bluu, na mistari miwili.